Mwisho wa Ukingo

Shemeji yangu anaitwa Wembe, na jina hilo hakupewa kwa ukali wa tabia, maana mtu mpole kama yeye sijapata kumwona. Alipewa kwa sababu ya kona zake. Ni mwashi, na kona aliyoimaliza yeye, iwe ya ngazi, ya dirisha au ya kibaraza, imenyooka na ni kali hata unaogopa kuiegemea. Mafundi wengi huipapasa kona kwa mwiko na kuiacha duara duara, mradi kazi imekwisha. Wembe akiona kitu cha namna hiyo hugeuza uso pembeni, kama mtu aliyemkuta mwenzake hajafunga vifungo. Anayeumia kwa sifa hizi ni dada yangu, mkewe. Nyumba yao nzima ina kingo kali, na sijui mgeni aliyewahi kutoka pale bila kugonga ugoko. "Ukitaka kumjua mke wa Wembe," dada husema, "mwombe akuonyeshe miguu."

Mimi ndiye niliyemtafutia kazi uwanjani, na nilimwambia hivyo kila aliyetaka kunisikiliza na hata asiyetaka. Kazi yangu pale ni kugawa helmeti na ovaroli. Ni uwanja wa gokati, yale magari madogo ya mashindano ambayo dereva hukaa wazi, makalio yake karibu yaguse lami, miguu imenyooka mbele. Watu wa nje wakiyaona hucheka, wanadhani ni ya kuchezea. Mimi huwaacha wacheke. Wakishuka baada ya mizunguko michache, mikono inawatetemeka hata kamba ya helmeti hawawezi kuifungua, na ni mimi ninayewafungulia.

Kulikuwa na kona moja iliyotusumbua, ile inayokuja baada ya njia ndefu iliyonyooka. Madereva walikuwa wakiikata kwa ndani. Wanapita juu ya majani, wanarudi na udongo kwenye tairi, wanaumwaga barabarani, na anayefuata nyuma anateleza. Kocha, ambaye ndiye anayefundisha madereva na kusimamia usalama wao, akasema ujengwe ukingo wa zege upande wa ndani wa kona hiyo. Nikamwambia fundi ninaye, tena wa nyumbani.

Kocha alimweleza Wembe mbele yangu, kwa hiyo hakuna wa kunidanganya kuhusu kilichosemwa. Alichuchumaa kwenye lami, akaweka kiganja chini, akakiinua upande mmoja kidogo tu.

"Fundi, huu si ukingo wa barabara ya mtaani," alisema. "Ule wa mtaani unazuia gari lisipande. Huu gari linapanda. Dereva mzuri anaweka tairi la ndani juu yake kwa makusudi, ndiyo njia ya kupita kona haraka. Kwa hiyo uwe chini, uwe na mteremko, na upakwe rangi auone kwa mbali."

Halafu akainua gari moja ubavu ili Wembe aone tumbo lake. "Unaona springi yoyote? Hakuna. Ni vyuma na kiti, basi. Springi ni mbavu za dereva. Ukiweka kitu kimesimama hapa, kinadaka chuma hiki cha chini, gari linaruka. Na humu hakuna mkanda, dereva anarushwa nje."

"Nimeelewa," Wembe akasema.

"Pande zote mbili, mwanzo na mwisho, ukingo uzame kwenye lami taratibu mpaka mtu asijue umeishia wapi."

"Nimeelewa, Kocha."

Na alielewa kweli, hapo simsingizii. Alipanga mbao zake kufuata mviringo wa kona, akapima, akabomoa, akapanga tena. Zege alilichanganya mwenyewe kwa sababu haamini mkono wa mtu. Mteremko ulitoka vile vile Kocha alivyouonyesha kwa kiganja. Upande ambao magari huingilia aliuzamisha kama alivyoagizwa, ingawa dada alinisimulia jinsi alivyorudi nyumbani siku hiyo amenuna. Fundi yeyote atakwambia kwamba zege lililopunguzwa mpaka likawa kama karatasi ni aibu. Linapasuka, linamenyeka, mvua mbili tatu zikipita linabaki makombo, na watu wanaanza kuulizana nani alijenga pale. Wembe alivumilia aibu hiyo upande mmoja. Upande wa pili, ule wa kutokea, alishindwa.

Akaukata wima. Akauacha umesimama vidole viwili juu ya lami, uso laini, na kona yake juu, ile ya kwake. "Huku magari yanashuka, hayapandi," alimweleza dada. "Anayeshuka hagongi kitu." Ukilifikiria kwa akili ya mwashi, utaona alikuwa na hoja. Kocha alikuja kukagua akiwa na simu sikioni, akasimama upande wa kuingilia, akautazama ukingo ulivyolala, mwekundu na mweupe, akampa Wembe mkono. Nami nikapiga picha nikawatumia ndugu wote.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Mara moja moja uwanja hugeuzwa. Magari yanakimbia kinyume, kona ya kulia inakuwa ya kushoto, ili madereva wasiizoee njia wakaendesha wamelala. Siku hiyo pa kutokea panakuwa pa kuingilia. Sisi wa uwanjani tumeshazoea, hata hatulitaji. Wembe hakuwahi kuliona wala kuambiwa.

Katika madereva wetu yupo binti mmoja tunayemwita Kimya. Ni keshia wa duka la dawa, na nadhani maneno yake yote huyamalizia kwa wateja, maana akifika uwanjani ni salamu tu. Helmeti yake huichukua kwa mikono miwili na kushukuru. Lakini mweke ndani ya gari. Nimewaona wanaume wazima wakijifanya injini zao mbovu ili wasionekane wamepitwa na yeye kwa haki. Mwenye timu, mfanyabiashara wa vipuri, alikuwa anatafuta dereva mmoja wa kumpeleka kwenye mashindano makubwa, na kila mtu alijua nafasi ni ya Kimya. Ilibaki huyo mwenye timu aje amwone kwa macho yake.

Akaja siku ambayo uwanja umegeuzwa kwa mara ya kwanza tangu ukingo ujengwe. Wembe naye alikuwepo, nilikuwa nimemwomba anijengee kizingiti cha chumba cha helmeti, kwa hiyo aliona yote akiwa na mwiko mkononi. Kimya alikuwa mbele. Alifika kwenye kona ile, akaweka tairi la ndani pale linapotakiwa kuwekwa. Gari likanyanyuka kama lililopigwa teke kutoka chini. Likaenda upande, yeye akaenda upande wake, na mlio niliousikia sitaki kuuelezea.

Alivunjika mtulinga na mbavu. Walipomwondoa, Kocha akatembea kwenye lami akitazama alama za tairi, akatikisa kichwa. "Ameingia mapema mno," akasema. "Alitaka kumpendeza mwenye timu. Tamaa." Mwenye timu akaitikia kwa kichwa. Watu wote walikuwa wanatazama lami. Wembe peke yake alitazama ukingo. Pale mwisho, kwenye ule uso laini, palikuwa na mchubuko mpya wa chuma, na kipande cha kona yake kilikuwa kimetoka. Akasogea, akaweka mguu wake juu ya mchubuko, akasimama hivyo hivyo mpaka watu wakaondoka.

Hayo ya mguu sikuyaona. Aliyasema baadaye mwenyewe. Nilichokiona mimi ni kwamba asubuhi ya kesho yake nilimkuta tayari uwanjani, na mlinzi akaniambia alimfungulia geti kabla hajanawa uso. Alikuwa amepiga magoti mwisho wa ukingo, patasi pembeni, anapaka rangi. Ule mwisho ulikuwa sasa umezama kwenye lami taratibu, ukawa kama ulivyo mwanzo wake. Nikamwita kila aliyepita. "Mnaona shemeji yangu? Ukingo umegongwa jana, leo ameshautengeneza, na hakuna aliyemtuma." Nikimkumbuka alivyoinamisha uso nilipokuwa nasema hivyo, natamani ningenyamaza.

Tuna desturi moja pale. Siku ya mashindano, kabla injini hazijawashwa, madereva wote hukusanyika mbele ya chumba changu. Kocha huuliza kama kuna mwenye neno. Aliyesababisha ajali mara iliyopita huinua mkono, anataja kosa lake kwa mdomo wake, na akishataja, basi. Hakuna wa kumzomea wala wa kulirudia. Nimeona majitu makubwa yakiinua mkono huku macho yamejaa machozi, na nimeona wenzao wakiwapiga bega. Kinachokera pale ni mtu kubanwa na wenzake mpaka aseme. Anayejisemea mwenyewe anaheshimika.

Kimya alikuja kwenye kikao hicho na mkono mmoja umefungwa shingoni. Akainua wa pili. "Ni mimi," akasema. "Niliingia mapema. Nilitaka nionekane. Nawaomba radhi niliowahatarisha." Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Kocha akamshukuru. Kikao kilipokwisha mwenye timu akatangaza jina la kijana mwingine, na Kimya akapiga makofi kwa kujigonga paja, kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa umefungwa.

Wembe alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anamalizia kizingiti changu, alichokuwa amekiacha tangu siku ya ajali. Kimya akamwendea. Nilikuwa ndani, nikasikia kila kitu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Nimesikia niliuvunja ukingo wako, ukaamka alfajiri kuutengeneza. Samahani sana. Nilikuletea kazi juu ya kazi."

Nikasikia mwiko ukikwaruza saruji. Halafu shemeji akasema, "Si kitu, mwanangu. Kazi ni kazi."

Jioni dada akanipigia simu. Aliniambia mume wake ameosha mwiko mpaka unang'aa, na bado anauosha, na chakula hajakigusa, na akiulizwa anasema anaumwa mgongo. "Njoo," dada akasema, "labda wewe utamtoa neno, mimi ananikwepa." Nikaenda, nikagonga ugoko kwenye ngazi yao kama kawaida, na kwa mara ya kwanza Wembe hakutania. Alitusimulia yote akiwa ameinamia beseni. Zege lilivyokuwa jembamba, alivyoona aibu, alivyoukata wima, mguu juu ya mchubuko, geti, patasi. Hakuacha kitu. Alipofika kwa Kimya na samahani yake, akatikisa maji mkononi kana kwamba ndiyo yanayomsumbua.

Mimi si mtu wa kubembeleza. "Na ukamwitikia marahaba," nikamwambia. "Ukamwita na mwanangu."

"Nilimwitikia."

"Mtoto wa watu amesimama na mfupa umevunjika, anakuomba radhi kwa kosa lako, na wewe unamwambia si kitu."

"Shemeji, najua nilichosema."

Dada akanishika mkono ninyamaze. Wembe akafuta mikono kwenye suruali. "Nilikuwa naogopa waseme Wembe hajui kujenga," akasema. "Hilo tu. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kusema hivyo." Akatutazama kwa zamu. "Sasa nikiuona ule ukingo nageuza uso. Nikimwona yule binti natamani ardhi ipasuke. Nafasi yake imekwenda kwa sababu ya kona yangu, na yeye anaamini ni tamaa yake. Nitaamkaje kila siku nikijua hivyo?"

"Kikao kipo," nikamwambia. "Mkono unao."

"Mimi si dereva."

"Ukingo nao si dereva, na umemwangusha."

Dada akacheka kidogo, kwa uchungu, halafu akaanza kulia. Wembe akasema ataenda.

Alikwenda kweli. Alivaa shati la kwenda kwa watu, akasimama nyuma ya madereva, jasho linamtoka na jua bado halijawa kali. Mwenye timu alikuwepo na kijana wake mpya. Kimya pia alikuwepo, siku hizo Kocha alikuwa amempa bendera ashike, ili asikae nyumbani akijikunyata. Kocha akauliza kama kuna mwenye neno. Mkono wa Wembe ukapanda juu ya helmeti zote. Watu wakageuka wakitabasamu, wakidhani fundi anataka saruji.

"Ajali ya Kimya haikuwa kosa lake," akasema. "Ni kosa langu. Mwisho wa ule ukingo niliujenga wima. Kocha aliniambia niuzamishe, mimi sikuuzamisha. Gari lake liligonga pale. Baadaye nikaurekebisha."

Nilimsubiri aendelee. Hakuendelea. Akaacha pale pale, kwenye kurekebisha, neno ambalo lilimfanya aonekane mtu mwema.

Kocha alitazama kule kwenye kona, ambako ukingo ulikuwa umelala vizuri pande zote mbili, rangi inametameta. Akarudisha macho kwa Wembe, uso umelainika. "Fundi," akasema, "tunakushukuru. Najua unamwonea huruma binti yetu, sote tunamwonea. Lakini mwenyewe ameshasema alivyoingia, na alama za tairi niliziona." Mwenye timu akasema, "Mzee, una moyo mzuri sana. Watu wa namna yako wamebaki wachache." Dereva mmoja akampiga bega. Wawili watatu wakapiga makofi.

Nimemwona shemeji yangu akipata misiba, nimemwona akianguka kutoka kwenye ngazi ya ujenzi. Sijawahi kumwona na uso kama ule aliokuwa nao wakati wanampigia makofi. Na mimi niliyemgombeza kwa sauti kubwa nyumbani kwake, nilikuwa nafuta helmeti ya mtu, ambayo tayari ilikuwa safi.

Kimya ndiye aliyesogea. Yeye peke yake hakupiga makofi. Madereva wakampisha njia, na bendera aliyoshika ikawa inaburuta chini. Akasimama mbele ya Wembe.

"Gari liligonga kitu," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, na wote tukasikia. "Nilisikia kwenye kiti. Nikajiambia nimechanganyikiwa kwa kuumia, pale hakuna kitu kilichosimama." Akaibana bendera kwapani. "Ulirekebisha lini, fundi?"

"Kesho yake," Wembe akasema. "Asubuhi, kabla watu hawajafika."

"Kabla sijainua mkono."

"Kabla."

"Na siku nilipoinua, ulikuwepo."

"Nilikuwa pale." Akaonyesha mlango wangu. "Najenga kizingiti. Nilikusikia."

Nilidhani Kimya atamtukana, na moyoni nilikuwa naomba amtukane, ingekuwa nafuu kwa wote. Badala yake akarudi nyuma hatua moja, akampisha, ili Wembe awe uso kwa uso na wengine.

"Waambie hiyo," akasema. "Hiyo hukuwaambia."

Basi akawaambia. Aliwaambia jinsi alivyoona mchubuko akaweka mguu juu yake wakati Kocha anasema tamaa. Aliwaambia jinsi alivyomdanganya mlinzi kwamba amesahau pima maji, jinsi alivyochonga mwisho ule haraka haraka na kuupaka rangi ili mtu asiuone, na kwamba hakufanya hivyo kwa ajili ya usalama wa dereva yeyote. Aliwaambia alimsikia binti akijilaumu mbele ya watu, akaendelea kulainisha saruji. Aliwaambia aliombwa radhi akaipokea. Sauti yake ilikuwa ndogo, na waliokuwa nyuma walilazimika kusogea ili wamsikie, wakasogea.

Kocha alivua kofia akaishika. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, nadhani alikuwa anakumbuka simu ile na upande aliosimama. Mwenye timu akamgeukia Kimya, akamuuliza daktari amesema mfupa utaunga lini, na akamwambia kabla ya kuondoka angependa wakae chini wazungumze, wao wawili na Kocha. Yule kijana mpya akaanza kufungua kamba za glovu zake bila kuambiwa na mtu.

Kwa shemeji yangu hakuna aliyesogea. Safari hii hakuna aliyempiga bega, wala aliyesema ana moyo mzuri, na ndipo nilipojua kwamba wamemwamini.